KUSAFISHA MAFUVU YA NG'OMBE KWA MAJI

Mfugaji asiyejua kusoma meno huweza kuuziwa mnadani ng'ombe mzee kwa bei ya mtamba. Taya la juu la ng'ombe halina meno ya mbele; la chini lina manane. Jozi ya kwanza ya meno ya utoto hubadilika mnyama akikaribia miaka 2, na ya nne kwenye miaka 4 hadi 5. Chama chenye mafuvu machache safi, ya ndama, mtamba na ng'ombe mzee, hulifundisha somo hili vizuri zaidi kuliko kwa maneno matupu. Kazi yenyewe huhitaji pipa, maji na subira.

Kuchagua kichwa

Kichwa kitoke kwa mnyama aliyekaguliwa na kupitishwa machinjioni. Kamwe kisichukuliwe cha mnyama aliyekufa ghafla. Kimeta humwambukiza binadamu, na mbegu zake hudumu udongoni miaka mingi. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi. Afisa mifugo hupewa taarifa. Mafuvu ya wanyamapori nayo yasiguswe: nchini Tanzania ni nyara za Serikali, na kuwa nayo bila kibali ni kosa.

Kuloweka

Huondolewa kwanza ngozi, macho, ulimi na nyama iliyo rahisi kutoka. Ubongo hutolewa kwa kijiti kupitia tundu la kisogoni. Kichwa huzamishwa chote katika maji ya mvua au ya mto. Maji yenye klorini hayafai, kwani vijidudu vinavyoozesha nyama ndivyo vifanyavyo kazi. Pipa lifunikwe, mawe yawekwe juu kuzuia mbwa na mbu, nalo likae juani, mbali na nyumba na kisima. Penye joto nyama huisha kwa majuma kadhaa. Penye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Maji yakibadilishwa, nusu ibaki ili vijidudu visipotee. Kuchemsha ili kuharakisha ni kosa: mafuta huzama ndani ya mfupa na meno hupasuka.

Kila kichwa kiwe na pipa lake, kwa sababu meno ya mbele hulegea na kung'oka. Maji yamwagwe kupitia chekeche, juu ya shimo litakalofukiwa, wala si mtoni. Mtendaji avae glavu, na mwenye jeraha mkononi asishike kazi hii.

Kumalizia

Fuvu hulowekwa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, yakibadilishwa hadi mafuta yasionekane tena. Kulifanya jeupe, hutumika haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Dawa ya klorini ya kufulia hula mfupa. Likaushwe kivulini, kisha meno yagundishwe kila moja mahali pake.

Mwisho, katibu aandike kwenye fuvu jinsia ya mnyama, tarehe ya kuchinjwa, na umri uliothibitishwa na mwenye mnyama. Bila kumbukumbu hiyo, wanachama hawatakuwa na umri wa kulinganisha na meno wanayoyaona.