Je, Wajua? Macho Mazima, Mchoro Mbovu

Mtoto anaweza kuona vizuri na bado akashindwa kunakili pembetatu. Jicho huona, ubongo hutambua umbo, kisha mkono lazima utii. Kipimo cha Beery, kilichotolewa Marekani mwaka 1967, humtaka mtoto anakili maumbo, mepesi yakitangulia: duara huwezekana akiwa na takriban miaka 3, msalaba 4, pembetatu 5.

Tatizo ni penseli. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza. Kwa penseli na karatasi Waingereza waliongoza. Kwa waya Wazambia wakawashinda. Kwa udongo wa mfinyanzi wakalingana.

Matokeo hayo yana uzito Mbeya, karibu na Zambia, na Iringa pia. Mtoto wa Rungwe au Kilolo anayekunja waya kuunda gari la kuchezea, akikadiria duara la gurudumu kwa jicho tu, ana ujuzi ambao karatasi haiuoni, hasa kama penseli ameishika mara ya kwanza darasa la awali.

Mpimaji makini huanza na macho: kwenye chati ya herufi E, mtoto huonyesha kwa vidole upande ambao miguu ya herufi imeelekea. Hufuata kuoanisha maumbo bila kuchora, kisha kunakili. Anayeoanisha vizuri lakini akanakili vibaya, huenda shida yake iko kwenye mkono au katika kuuratibu na jicho, wala si katika kutambua umbo.