Sahani inayorudi na mabaki



Mara hii tuzungumze juu ya vitu vya kutafuna kwenye karamu. Musicheke. Tutafika shambani, lakini tutaanzia mezani.

Hapa Mahagi-Port, kabla ya wali na nyama ya mbuzi kufika, wageni wanapitishiwa sahani ndogo pamoja na sukre: karanga za kukaanga, mandazi, muhogo wa kukaanga na pili-pili, na wale samaki ndogo wa ziwa ambao ng'ambo ya Uganda wanawaita muziri. Kule Bunia, kwenye ndoa kubwa, utaona na sambusa. Hakuna kijiko, kila mutu anachukua kwa vidole.

Kwenye ndoa moja nilikalishwa karibu na mulango wa jikoni. Nafasi haikuwa ya heshima, lakini niliona sahani zote zikirudi. Mandazi zilirudi tupu. Muhogo ulirudi nusu. Samaki walirudi robo. Na karanga, kitu ambacho kila mutu alikimbilia kwanza, zilirudi na mabaki ya ajabu: zingine zimeumwa kidogo tu na kuachwa. Muzee mumoja alitafuna, akakunja uso, akatema ndani ya mukono na kuficha chini ya kiti juu ya kutohaibisha wenye karamu.

Kisha mama wa nyumba akakusanya zile mabaki zote ndani ya beseni. Akaniambia: « Hizi hazitapotea, docta wa mashamba. Kesho nitasaga, nitie ndani ya uji wa watoto. »

Njo neno lililonifanya niandike.

Kwanza mandazi, muhogo na samaki

Mandazi inashinda kila mara kwa sababu haidanganyi: iko laini, iko tamu, iko sawa na ya jana. Lakini unga wake ni wa ngano, na ngano hatulimi hapa pembeni ya ziwa. Franki ya mandazi inakwenda na mufanya biashara. Vitu vitatu vinavyobaki vinatoka kwetu wenyewe, na njo hivyo vinavyorudi na mabaki. Kwa nini?

Muhogo unarudi kwa sababu mbili. Ya kwanza: umengolewa mapema mno. Muhogo mubichi ukiisha kutoka udongoni haukai. Siku mbili, tatu tu, ndani yake munaona mishipa ya bluu na nyeusi, na ukiupika unabaki mugumu. Ngoeni siku ile ile ya karamu, ao jioni ya mbele. Chemsheni kwanza mpaka ulainike, kisha ndipo mukaange. Sababu ya pili ni mbegu. Muhogo muchungu ni wa kuloweka, kukausha na kusaga unga. Kukaanga tu hakutoshi kutoa sumu yake. Kwa karamu chukueni muhogo mutamu peke yake, na kama shamba limechanganyika mbegu, mwulize mwenye kupanda, musikisie.

Samaki ndogo wanarudi juu ya muchanga. Mutu akisikia muchanga kwenye meno mara moja, harudishi mukono kwenye sahani. Hata mupishi akiosha mara tano, muchanga unabaki, kwa kuwa samaki alianikwa chini akiwa bado na maji na muchanga ukashikamana naye. Dawa yake ni kitanda cha miti chenye wavu juu, kimo cha kiuno. Upepo unapita chini na juu, samaki anakauka mbio, kuku na mbwa hawafiki, na mvua ikitisha munafunika kwa shitingi.

Sasa karanga

Muhogo mugumu na samaki wa muchanga ni hasara ya franki na ya jina. Karanga mbaya ni jambo lingine.

Ladha ile ya uchungu mara nyingi ni alama kwamba karanga imeoza ao imeingiwa na kuvu, ile ukungu ya manjano na ya rangi ya majani. Kuvu moja, jina lake Aspergillus flavus, inatengeneza sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo ilijulikana mwaka 1960 kule Uingereza, wakati batamzinga zaidi ya 100.000 walikufa baada ya kulishwa chakula chenye mashudu ya karanga. Musiseme ni mambo ya Wazungu na ya ndege. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waligonjwa kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa.

Mara nyingi haiui kwa siku moja. Inaharibu maini polepole, inaweza kuleta kansa ya maini, zaidi kwa mutu mwenye ugonjwa wa hepatiti B. Watoto wanaoila kila siku, hata kidogo, wanaweza kuchelewa kukomaa. Njo maana uji ule ulinitia hofu kuliko sahani ya wageni. Mugeni anatema. Mutoto hatemi, kwa sababu karanga imesagwa, imetiwa sukari, na mama yake ndiye anamupa.

Shikeni mambo mawili. La kwanza: moto wa kukaanga unaweza kupunguza sumu, lakini hauimalizi. La pili: sumu yenyewe haina ladha. Karanga chungu inakuonya, lakini ingine inaweza kuwa tamu na bado iko nayo. Kwa hiyo ulimi hautoshi. Ulinzi wa kweli unaanzia shambani.

Kazi ya kufanya

1. Vuneni kwa wakati. Ngoeni mashina machache, pasueni maganda. Kama sehemu kubwa ya maganda ndani yake imekuwa na madoa ya kahawia, karanga imekomaa. Ukichelewa, maganda yanapasuka udongoni na kuvu inapata mulango.

2. Geuzeni mashina, karanga ziangalie juu, majani chini, siku mbili ao tatu za jua. Kisha ngofoeni na kumalizia kuanika juu ya shitingi, hapana juu ya udongo mutupu. Jioni funikeni.

3. Jaribuni. Tikiseni ganda karibu na sikio: karanga iliyokauka inalia ndani. Sugueni mbegu kwa vidole: ngozi yake inatoka kwa urahisi.

4. Musiloweshe maganda wakati wa kupukucha. Najua vidole vinauma, na maji yanalainisha ganda. Lakini maji yale njo yanaamsha kuvu baada ya nyinyi kufanya kazi yote ya kukausha. Afazali koperative ichange franki kununua mashine ndogo ya mukono.

5. Chagueni. Toeni zilizokunjamana, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizoliwa na wadudu. Mara nyingi sumu imejikusanya ndani ya mbegu chache, kwa hiyo kuchagua kunasaidia sana. Zilizotolewa musisage, musipe kuku, musiuzie mwingine. Zikeni.

6. Wekeni ndani ya gunia linalopitisha hewa, juu ya miti, mbali na ukuta. Karanga isiyokauka musiifungie ndani ya nailoni.

Mimi sikumwambia mama yule kitu mbele ya wageni. Ingekuwa kumutia haya siku ya furaha yake. Lakini uji hungoji kesho kutwa, basi asubuhi mapema nilifika kwake. Tulikaa na beseni katikati yetu, tukapasua karanga moja moja. Alipoona ukungu katikati ya mbegu, alinyamaza. Kisha akasema alizinunua kwa koperative yake mwenyewe, na kwamba yeye alikuwa kati ya wamama waliopukucha. « Ni sisi tuliweka maji », akasema. Zile karanga alizizika mwenyewe nyuma ya nyumba.

Ndugu zangu, mbele ya kufunga magunia ya kuuza, fanyeni karamu ndogo ya koperative. Chukueni konzi kutoka kila gunia, kaangeni, kaeni pamoja, kuleni. Gunia ambalo linawafanya muteme, musilipeleke sokoni na musilirudishe nyumbani. Hayo hayatawaambia habari yote, kwa kuwa sumu inaweza kujificha ndani ya karanga tamu, lakini yatawaonyesha ni nani hakukausha vizuri, na musimu unaokuja mutaanza kumusaidia yeye kwanza.