Posho ya kozi isikutie hofu ya Inua Jamii na SHA

UMEITWA kozi ya ufundi yenye posho. Furaha tele, ila nyumbani kuna swali: je, jina lako likiingia kwenye mfumo wa serikali, nyanya atakatwa pesa zake za Inua Jamii? Na SHA itapanda?

Tuanze na nyanya. Inua Jamii hulipa Sh2,000 kwa mwezi. Kwa wazee, kinachoangaliwa kwanza ni umri wa miaka 70 na zaidi, na kama mzee ana pensheni. Posho yako si pensheni yake.

Mambo hubadilika pesa hizo zikiwa za yatima au mtu mwenye ulemavu mkubwa. Hapo hupimwa umaskini wa nyumba nzima, na kama mnaishi pamoja, wewe ni sehemu ya hesabu. Usifiche. Mweleze afisa wazi: hii ni posho, inaanza mwezi fulani na kuisha mwezi fulani. Weka barua ya kozi yenye tarehe hizo.

Posho nyingi ni za muda mfupi. Katika mradi wa KYEOP uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, vijana wa miaka 18 hadi 29 walipata mafunzo miezi mitatu, kisha wakapelekwa kazini miezi mitatu. Posho ilikuwa Sh6,000 kwa mwezi. Hiyo haimtoi mtu kwenye umaskini, inamlipia tu nauli na chakula asiache kozi katikati.

Sasa SHA. Kiwango ni asilimia 2.75 ya mapato, lakini hakuna anayelipa chini ya Sh300 kwa mwezi. Piga hesabu: asilimia 2.75 ya Sh6,000 ni Sh165 tu. Kama hiyo ndiyo pesa yote ya nyumba yenu, mko palepale kwenye Sh300. Isitoshe, kwa wasio na payslip, mfumo hukadiria kwa kutazama mnavyoishi: kuta, paa, choo, maji, moto wa kupikia.

Shida huja posho ikikatika. Asiye na ajira hutakiwa kulipa SHA ya mwaka mzima, angalau Sh3,600. Kwa hivyo, tenga Sh600 kila mwezi wa kozi. Baada ya miezi sita, mwaka mmoja wa matibabu umelipwa, hata kama kazi bado unaisaka.

Nenda kozi, msee.