Dalili ya Mvua ni Mawingu, Lakini Wingu Lipi? Anga la Buhongwa na Hesabu ya Mfanyabiashara

Mfanyabiashara wa Buhongwa anajua bei ya gunia, nauli ya lori na ushuru wa soko. Jambo moja huwa haliingii katika daftari lake mpaka hasara iwe imekwisha tokea, nalo ni mvua. Dagaa walionyeshewa kabla ya kukauka huharibika, na mara nyingi huishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mpunga uliokauka kisha ukaloa tena juu ya turubai hupasuka ndani, na ukifika mashineni hutoa chenga nyingi. Kwa hiyo wiki hii tunaeleza jinsi wingu linavyofanyika na jinsi ya kuusoma utabiri kwa faida ya biashara.

Wingu ni nini?

Wingu ni matone madogo sana ya maji, kila moja likiwa na upana wa karibu sehemu mbili kwa mia za milimita. Hewa yenye unyevu inapopanda hupoa, na kabla wingu halijafanyika hupoteza karibu nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila meta 1,000. Ikifika mahali isipoweza kuubeba mvuke wake wote, mvuke hugeuka matone juu ya chembe za vumbi na moshi. Hapo ndipo kitako cha wingu kinapoanzia, na ndiyo sababu mawingu ya mchana huwa na vitako bapa vilivyolingana.

Tone moja la mvua huhitaji matone ya wingu yapatayo milioni moja. Wingu dogo basi si tishio. Linalohitaji kuangaliwa ni wingu linalokua.

Mwaka 1802, Luke Howard, mtengenezaji na muuzaji wa dawa wa London, aliyagawa mawingu katika makundi kwa majina ya Kilatini ambayo yanatumika hadi leo. Sirasi ni membamba kama nyuzi, yako juu sana, ni ya barafu na hayamnyeshei mtu. Stratasi hutanda kama shuka na huleta manyunyu. Kumulasi ni yale mafungu yanayofanana na pamba iliyochambuliwa. Yakibaki madogo, anika bila wasiwasi. Yakianza kuwa marefu kuliko upana wake kabla ya saa sita mchana, jihadhari: yanaweza kuwa kumulonimbasi, wingu la radi, ambalo kilele chake huweza kupita kilometa 12 na kutanda juu kama fuawe ya mhunzi.

Ziwa lina ratiba yake

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, na ukubwa huo unatosha kulifanya litengeneze hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wa ziwani huingia kujaza nafasi yake. Mahali upepo huo unapokutana na hewa ya bara, mawingu hujengeka. Kwa hiyo anga la ziwani linaweza kuwa jeupe saa nane mchana huku Buhongwa, iliyo ndani kidogo kando ya barabara ya Shinyanga, ikifunikwa na wingu zito.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, pepo za pande zote huelekea ziwani, na radi hupiga huko. Ndio wakati ambao wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Pepo za mashariki husukuma mvua hiyo upande wa magharibi, na ni sababu mojawapo ya Bukoba kupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Mwanza hupata kama nusu yake. Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliyokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilianguka ziwani, na watu 19 kati ya 43 walipoteza maisha.

Lugha ya utabiri

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inaposema "mvua na ngurumo katika maeneo machache", maana yake si kwamba kila mtu atanyeshewa. Igoma inaweza kuloa na Buhongwa ikabaki kavu, na utabiri ukawa sahihi. Angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa ni ngazi tatu za onyo, kutoka ya chini kwenda ya juu. Utabiri wa msimu, yaani wa Vuli au wa Masika, nao husema kama mvua itakuwa juu ya wastani, ya wastani au chini yake. Huo unafaa kwa kupanga manunuzi ya miezi ijayo. Haufai kuamua kama uanike leo.

Piga hesabu

Tuseme kuanua na kufunika mpunga, pamoja na vibarua na siku iliyopotea, ni Sh. 20,000. Mvua ikikukuta, hasara ni Sh. 100,000. Ukifunika siku 10 umetumia Sh. 200,000. Usipofunika na mvua ikanyesha mara 3, umepoteza Sh. 300,000, ikinyesha mara 1, Sh. 100,000 tu. Kwa hiyo kama siku za namna hiyo huleta mvua zaidi ya mara 2 kati ya 10, funika. Usingoje uhakika, maana uhakika huja pamoja na tone la kwanza.

Sikiliza utabiri jioni, tazama mawingu saa nne asubuhi na tena saa sita, kisha andika katika daftari siku zilizonyesha. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litakuwa na thamani sawa na lile la bei.