Ngazi mbili mlangoni zinavyowafukuza wateja wa mjini

KWA mkulima anayetembea kwa miguu yake, safari ya kwenda Dar es Salaam kuuza mchele ina hesabu tatu: nauli, ushuru na bei ya sokoni. Kwa mjomba wangu, anayelima mpunga Dakawa, wilayani Mvomero, ipo hesabu ya nne inayotangulia hizo zote. Hesabu hiyo ni ngazi.

Mjomba anatumia kiti cha magurudumu tangu lori la mpunga alilokuwa amepanda juu ya magunia lilipopinduka. Mikono yake ina nguvu, akili yake ya biashara ni kali, na shamba lake analisimamia mwenyewe. Lakini kwa miaka mingi mchele wake ulikwenda Dar es Salaam peke yake. Yeye alibaki nyumbani akisubiri simu ya dalali.

Simu hiyo ilikuwa na maneno yale yale kila msimu. Mchele una chenga nyingi, magunia yamepungua kilo njiani, bei imeshuka tangu juzi. Huenda yote yalikuwa kweli. Tatizo ni kwamba muuzaji hakuwa na njia ya kuhakikisha. Katika uchumi, mtu asiyeweza kufika sokoni huuza kwa bei anayotajiwa, na kwa mjomba kilichomzuia kufika hakikuwa umbali. Kilikuwa ngazi za basi la mkoani, ambazo alipandishwa mgongoni mwa kuli na kulipia kubebwa kwake kama mzigo.

Agosti 2024, baada ya kuvuna na kukoboa, aliamua kwenda mwenyewe. Magunia 30 ya kilo 100 yalitangulia kwa fuso. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchambua masoko ya mazao, niliombwa nimsindikize. Nilidhani ninakwenda kumfundisha mambo ya soko, kumbe mimi ndiye niliyekwenda kufundishwa.

Treni, basi na mita mia chache

Jambo lililomtia moyo kusafiri lilikuwa treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024. Kwenye treni hiyo hakuna aliyembeba mgongoni. Wahudumu walimsaidia kuingia, kiti chake kikabaki karibu naye, na baada ya muda wa kama saa mbili tukawa Dar es Salaam. Pale stesheni tulishuka kwa lifti. Mjomba aliniambia hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kufika jijini nguo zikiwa safi.

Mpango wetu ulikuwa kupita Kariakoo tupate chakula, kisha kupanda basi la mwendo kasi kituo cha Gerezani hadi Manzese, na kutoka hapo tuchukue bajaji hadi soko la nafaka la Tandale. Kwenye ramani ni safari nyepesi. Lakini mita mia chache za barabarani ndizo zilizotutoa jasho kuliko kilomita zote za reli. Njia ya waendao kwa miguu ilikatika kwenye mtaro usio na mfuniko. Palipokuwa pazima pamepangwa ndoo, viatu na pikipiki. Mara tatu tulilazimika kushuka barabarani na kwenda sambamba na magari.

Basi lenyewe halikuwa tatizo. Mradi wa mabasi yaendayo haraka ulipoanza kutoa huduma Mei 2016, vituo vyake vilijengwa kwa namna ambayo sakafu ya kituo na sakafu ya basi ziko usawa mmoja. Dereva akisogea vizuri kwenye ukingo, gurudumu linapita bila kuinuliwa. Mradi huo ulilipatia jiji la Dar es Salaam Tuzo ya kimataifa ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Tulipanda mchana, baada ya wafanyakazi kuwa wameshaingia makazini, kwa sababu asubuhi na jioni msongamano ni mkubwa kiasi kwamba hata mzima wa miguu huingia kwa mabega. Daladala hatukuijaribu, kwani ngazi yake iko juu, mlango ni mwembamba na konda hana muda wa kukunja kiti cha mtu.

Migahawa mitatu, sahani sifuri

Tulianza kutafuta chakula saa nne na nusu asubuhi. Tulikuwa watu wanne: mjomba, mwanawe, mimi na rafiki yake aliyetupokea.

Mgahawa wa kwanza ulinukia pilau tangu nje. Mlangoni palikuwa na ngazi mbili. Vijana wawili walitoka kwa moyo mwema kabisa wakasema, "Shikamoo mzee, usijali, tutakubeba." Mjomba akaitikia marahaba, akawashukuru, akageuza kiti. Tulipofika mbele kidogo akaniambia, "Mjomba, nimebebwa vya kutosha. Leo nimekuja kuuza magunia, sikuja kuwa gunia."

Wa pili haukuwa na ngazi. Mlango ulikuwa wa mabawa mawili, bawa moja limefungwa kwa komeo, na nafasi iliyobaki haikutosha kupitisha kiti. Mhudumu alifungua komeo, tukaingia. Ndani, meza na mabenchi vilikuwa vimechomelewa pamoja na kukazwa sakafuni, hivyo hapakuwa na upande wowote ambao mtu wa kiti cha magurudumu angeweza kusogea mezani. Alipewa wazo la kula sahani ikiwa mapajani. Tukatoka.

Wa tatu ulikuwa na kila kitu: mlango mpana, sakafu sawa, meza za kusogezwa. Mjomba akauliza swali moja tu, "Choo kiko wapi?" Akajibiwa kiko ghorofani. Akasema basi, atakula jioni.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuwa amekunywa hata tone la maji tangu jana yake usiku. Mtu aliyeumia uti wa mgongo anashauriwa kunywa maji ya kutosha ili kulinda figo na kibofu. Lakini mjini anajinyima kwa makusudi, kwa sababu kunywa ni kutafuta choo, na choo hakuna. Wengi wanaoonekana hawana njaa wala kiu wanapokuja mjini wanafanya hesabu hii kimyakimya, na mfanyabiashara anadhani ni wateja wasio na fedha.

Mama lishe aliyetushinda wasomi

Tulikula Tandale, chini ya turubai la mama lishe, hatua chache kutoka kwenye magunia. Hakuwa na mlango, hivyo hakuwa na ngazi. Alipotuona tunakuja aliondoa benchi moja bila kuambiwa, akatazama magoti ya mjomba yanavyogota kwenye meza, akachukua matofali manne na kuinua miguu ya meza. "Karibu baba, sasa sogea," akasema. Muda wote alizungumza na mjomba mwenyewe, wala hakutuuliza sisi "huyu atakula nini".

Kuhusu choo, alituelekeza kwenye choo cha kulipia cha jirani ambacho mlango wake ni mpana kwa sababu hupitishiwa mkokoteni wa madumu ya maji. Mjomba alikunywa chupa mbili za maji mfululizo.

Kisha akaenda kwenye mchele wake. Akafungua gunia, akachota kiganja, akamwonyesha mnunuzi chenga ziko kiasi gani, akataka mizani ipimwe upya. Bei aliyokuwa ameambiwa kwa simu na bei aliyoipata mezani zilitofautiana kwa Sh100 kwa kilo. Kwa kilo 3,000 hiyo ni Sh300,000. Ukitoa nauli na chakula chetu, bado alirudi Dakawa na faida ambayo misimu yote iliyopita ilibaki kwenye mikono ya wengine.

Hesabu ya ngazi

Mfanyabiashara anaweza kusema wateja wa namna hii ni wachache, hailipi kuwajengea. Tufanye hesabu. Mgahawa wa kwanza haukupoteza sahani moja, ulipoteza meza nzima, kwa sababu tulikuja wanne na tuliondoka wanne. Tuchukue mfano wa sahani ya Sh4,000 na kinywaji cha Sh1,000 kwa kila mmoja. Hiyo ni Sh20,000. Kundi moja tu kama letu likigeuka mlangoni kila wiki, kwa mwaka wenye wiki 52 mauzo yaliyopotea ni Sh1,040,000.

Sasa upande wa gharama. Ngazi mbili za sentimita 15 kila moja zina kimo cha sentimita 30. Kanuni inayotumika na wajenzi ni kwamba kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu wa mteremko. Kwa hiyo unahitaji mteremko wa mita 3.6. Ukiujenga kwa upana wa mita 1.2, zege lote halifiki hata mita moja ya ujazo, yaani mifuko kama minne ya saruji, mchanga, kokoto na siku chache za fundi. Ukijaza mawe chini, saruji inapungua zaidi. Kama mbele ya duka hakuna nafasi, mteremko unaweza kulazwa sambamba na ukuta. Kwa ngazi moja fupi, ubao mgumu wenye mikanda ya mpira ya kuzuia utelezi unatosha, unautoa mteja akija na kuurudisha ndani.

Na mteremko huo hautumiwi na mwenye kiti peke yake. Anayeshusha kreti za soda kwa toroli ataupenda. Mzee mwenye magoti mabovu ataupenda, na mama mjamzito vilevile. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani ana ulemavu wa kiwango kikubwa. Hao wana fedha, wana familia, na wanakula kila siku.

Vipimo vya kukumbuka

Mwenye mgahawa au duka ashike namba hizi chache. Mlango uwe na uwazi wa sentimita 80 au zaidi, na 90 ni bora. Chini ya meza paachwe sentimita 70 kutoka sakafuni ili magoti yapite. Ndani pawe na mahali penye upana wa mita moja na nusu, kiti kiweze kugeuka. Choo kiwe cha kukaa, kiwe chini, na kiwe na chuma imara cha kushikia ukutani. Mwisho, mteremko ukishajengwa usigeuzwe kuwa mahali pa kupanga ndoo za kuuza.

Mwenye kiti naye, au anayemsindikiza, apige simu kabla ya safari. Lakini asiulize kama "panafikika". Jibu la mfanyabiashara ye yote kwa swali hilo ni "ndiyo, karibuni sana". Uliza maswali yenye namba. Mlangoni kuna ngazi ngapi? Mlango una upana wa sentimita ngapi? Meza zinasogezwa? Choo kiko ghorofa ipi, na mlango wake unafunguka kwa ndani au kwa nje? Anayeshindwa kujibu mwombe aende akatazame, utasubiri kwenye simu. Ukipata pazuri, andika jina la mahali hapo kwenye daftari lako na uwape wenzako. Sisi tuna orodha ya sehemu tano sasa, na kila safari tunaiongeza.

Sheria ipo, mkopo nao upo

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata, 2010, Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sheria hiyo inataka majengo yanayotoa huduma kwa umma yafikike kwa watu wote. Kwa hiyo mteremko ni wajibu, ingawa mimi naamini mfanyabiashara atashawishika haraka zaidi na daftari lake la mauzo kuliko na kifungu cha sheria.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mwenye ulemavu, yapo mafungu yasiyo na riba. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Aanzie kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yake, aulize masharti na muda wa kuomba.

Mjomba anapanga safari nyingine msimu ujao. Nilimuuliza atakula wapi, nikitegemea atataja mojawapo ya migahawa mipya niliyompigia simu. Akacheka. Alisema atakula pale pale Tandale kwa yule mama, na safari hii atamchukulia debe la mchele wa Dakawa. Matofali manne yamemletea yule mama mteja wa kudumu na muuzaji wa mchele kwa pamoja. Wewe mwenye mgahawa, toka nje leo, simama mlangoni kwako na uzihesabu ngazi.