Kitendawili! Tega!

Msomaji mpendwa, ni lini mara ya mwisho ulitegewa kitendawili ukalala nacho bila jibu? Sisi akina mama wa Majengo, hapa Dodoma, tumeurudia mchezo huo, na tunapenda kukusimulia ulivyoanza, maana ulianza kwa kosa letu wenyewe.

Tulikuwa na mashindano ya chemsha bongo ya Biblia. Maswali tuliyaandika kwenye karatasi, kila kundi likapewa kalamu. Obedi alizaliwa na nani? Yona alikaa siku ngapi tumboni mwa samaki? Mambo yalikwenda vizuri, tukajipongeza. Baada ya mara mbili tatu tukaona kina bibi hawaji tena. Mmoja alitoa udhuru wa miguu, mwingine wa wajukuu. Tuliamini, mpaka mke wa mtoto wa bibi mmoja alipotuambia tukitoka sokoni: "Mama haumwi miguu. Hajui kusoma, na anaona aibu kushikishwa kalamu." Tulinyamaza. Miongoni mwetu hakuna aliyekuwa amelifikiria jambo hilo.

Basi karatasi tukaziweka kando. Tulitandika mikeka, tukagawana makundi manne, kila kundi na bibi wake, mama wa makamo na wasichana. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wote wanaitika "Tega!" Kundi hunong'onezana huku wenzao wakihesabu polepole hadi thelathini. Likishindwa, mtegaji anadai mji. Anapewa Kondoa au Mpwapwa, wakarimu hutoa Dar es Salaam, naye anasimulia alivyokwenda huko na alivyokula, ndipo anatoa jibu. Wasichana wa sekondari hawakuwa wanaijua desturi hii ya kutoa mji. Sasa wanagombea kudai.

Vya zamani kama nyumba isiyo na mlango vilikwisha haraka, kwani kila mtu anajua ni yai. Ikabidi tutunge vipya. "Mzee mnene ana pipa la maji tumboni, lakini bomba hana." Ni mbuyu. Kisha yakaja mafumbo ya kugeuza akili, ambayo ndiyo yanatupendeza zaidi. Mama wawili na mabinti wawili walikwenda soko la Majengo, wakanunua doti tatu tu za khanga, na kila mmoja akarudi na doti yake nzima. Tulizidisha, tukagawanya, tukakata khanga vipande. Kumbe walikuwa watu watatu: bibi, binti yake na mjukuu. Yule wa katikati ni mama na ni binti. Utamu wa fumbo la namna hii uko hapo: hukukosa elimu, ila ulidhani jambo ambalo hukuambiwa.

Biblia nayo inayo mafumbo. Katika 1 Wafalme 10, Malkia wa Sheba alisafiri kwenda kumjaribu Sulemani kwa maswali magumu; nasi tunafurahi kwamba mtegaji alikuwa mwanamke. Fumbo la Samsoni katika Waamuzi 14 hatulisifu. Aliweka dau la mavazi ya kitani thelathini na mavazi ya kubadili thelathini, kwa jambo la simba na asali aliloliona peke yake njiani. Nani angelijua? Fumbo la haki huweka dalili zake zote mbele ya anayeulizwa. Lile halikuwa nazo, na mwisho wake mke wa watu alitishiwa kuchomwa moto na watu thelathini wakauawa. Kwetu hakuna dau; mshindi hunywa chai wa kwanza.

Jioni tusiyoisahau ni ile ya chui, mbuzi na majani. Fumbo hili linajulikana sehemu nyingi za Afrika, na Ulaya liliandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kwa mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Mtu anataka kuvuka mto. Mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Avukeje? Jibu tulilokuwa nalo ni kuvusha mbuzi kwanza, kisha chui, halafu (hapa ndipo wengi hukwama) kurudi na mbuzi, kumwacha, kuvusha majani, na mwisho kumfuata mbuzi.

Hesabu ilikuwa imefika ishirini na nane ndipo yule bibi wa udhuru wa miguu akafungua mdomo.

"Mto wa wapi huo?"

"Wa hapa hapa kwetu, bibi," mtegaji akajibu bila kufikiri.

"Basi asubiri kiangazi. Mchanga mtupu. Chui mkono huu, mbuzi mkono huu, majani kichwani. Mtumbwi wa nini?"

Mkeka mzima ulicheka hadi machozi. Kila anayeijua mito ya Ugogo amewahi kuivuka kwa miguu, amechimba mchanga wake kutafuta maji. Na nani alisema mtu huyo ana haraka?

Ubishi wa pointi ulichukua muda kuliko fumbo lenyewe. Wengine walisema jibu ni moja tu, wengine kwamba mtegaji alijifunga mwenyewe kwa kusema mto ni wa kwetu. Tukaahirisha. Jumamosi iliyofuata bibi alifika wa kwanza, kabla hata ya mikeka, akauliza pointi zake mbili ziko wapi. Anaziuliza mpaka leo.