Grisi ya Kupitisha Joto: Tuchague Ipi kwa Vifaa vya Msikiti na Nyumbani?

Amplifaya inayofikisha adhana kwa majirani hununuliwa kwa michango ya waumini, wakiwemo wajane na wakulima wadogo. Kwa hiyo ni amana mikononi mwa kamati. Kwetu Samunge, wilayani Ngorongoro, kijiji kilichopata umaarufu Afrika Mashariki nzima mwaka 2011, safari ya kupeleka kifaa kwa fundi Arusha mjini humaliza siku nzima. Transista moja ikiungua mwanzoni mwa Ramadhani, huenda kipaza sauti kikakaa kimya hadi Idi. Hali ni hiyo hiyo kwa inveta ya sola na kwa kompyuta ya mwanafunzi.

Adui mkubwa wa vifaa hivi ni joto. Ndiyo maana transista hufungwa kwa skrubu kwenye kipande cha aluminiamu chenye mapezi, ili joto litoke na kuishia hewani. Lakini nyuso mbili za chuma, hata zikionekana laini kama kioo, zina mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho, na ndani yake hujificha hewa. Hapo ndipo huhitajika grisi ya kupitisha joto.

Tuzitazame tarakimu. Uwezo wa kupitisha joto hupimwa kwa wati kwa kila mita na kila digrii. Hewa ina takribani 0.026, grisi nyeupe ya kawaida ina takribani 0.7, na aluminiamu ina zaidi ya 200. Grisi basi huishinda hewa zaidi ya mara 20, lakini yenyewe hushindwa na chuma karibu mara 300. Kazi yake ni kujaza mabonde tu. Anayeipaka nene kama siagi juu ya mkate huzuia joto badala ya kulipitisha.

Ipi ichaguliwe? Kwa amplifaya, redio na inveta, grisi nyeupe iliyotengenezwa kwa oksidi ya zinki na mafuta ya silikoni yatosha. Ni ya bei nafuu na haipitishi umeme. Kwa prosesa ya kompyuta, ambayo hutoa joto jingi katika eneo dogo, yafaa grisi ya kijivu yenye uwezo mkubwa zaidi; Arctic MX-4, kwa mfano, imetangazwa kuwa na 8.5. Si lazima kuinunua hiyo kwa ajili ya amplifaya.

Ipo pia aina ya metali ya maji yenye galiamu. Hiyo tuiepuke kabisa, kwani hupitisha umeme na huila aluminiamu, nayo mapezi ya amplifaya zetu kwa kawaida ni ya aluminiamu. Gundi ya kupitisha joto nayo isitumike mahali patakapohitaji kufunguliwa tena. Ama dawa ya meno, ambayo baadhi ya watu huipaka kwa dharura, ina maji. Maji yakikauka hubaki unga na nyufa, na hewa hurudi palepale.

Jambo jingine ni kijikaratasi cha maika kilichopo kati ya transista na mapezi. Mara nyingi mgongo wa chuma wa transista una umeme, na maika huuzuia usifike kwenye mapezi. Fundi asikitupe kwa kudhani ni takataka. Akipake grisi kidogo pande zote mbili, akirudishe pamoja na vishikizo vya plastiki vya skrubu, kisha apime kwa mita kabla ya kuwasha.

Grisi ya zamani ifutwe kwa kitambaa safi chenye spiriti. Kwa transista, utando mwembamba mno watosha. Kwa prosesa, kiasi cha punje ya dengu katikati, kisha skrubu zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo. Kazi hii tuwaachie wenye ujuzi, kwa sababu kapasita huweza kubaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Watoto wakae mbali.

Hata hivyo, kabla ya kulaumu grisi, akina mama na vijana wanaosafisha msikiti na nyumba watazame mambo mawili. Je, feni na matundu yamezibwa na vumbi? Je, amplifaya imefunikwa kitambaa cha kutarizi ingali inawaka? Kitambaa hicho ni pambo, lakini huzuia hewa, na hakuna grisi itakayoshinda kosa hilo.

Anayetumwa mjini apewe karatasi iliyoandikwa wazi: grisi nyeupe ya transista, isiyopitisha umeme, na vipande vichache vya maika vya akiba. Mzigo huo hutosha kwenye mfuko wa kanzu, nao waweza kuiepusha kamati na mchango mwingine.

Wabillahi tawfiq.